Mzee wa Likizo za Watu

Kahama nzima ilimwita Mzee wa Likizo. Ofisini mimi nilimwita Mzee tu, na yeye aliniita Mama Neema, hata pale nilipokuwa nimemuudhi. Ukienda leo karibu na stendi ukauliza habari zake, bodaboda wa pale watakuonyesha ule mlango wetu wa bluu, ingawa mwenyewe hakai tena ndani. Mimi nipo. Ndimi niliyekuwa napokea simu zake, na bado nazipokea.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mtu wa mgodini akipewa likizo, au mwenye duara akipata mawe mazuri kwenye shimo lake akataka kumpeleka mkewe kupumzika, alimpigia Mzee. Kuanzia hapo mtu huyo hakutakiwa kufikiri tena. Gari lilimfuata mpaka getini, limeoshwa, lina ubaridi, lina maji ya kunywa na kitaulo chenye unyevu cha kufutia vumbi usoni. Tiketi ilikuwa tayari, na kiti kimeshachaguliwa. Uwanja wa ndege wa Mwanza alikuwapo binti mwenye sare wa kumpitisha mlango wa wageni maalumu na kumkalisha kwenye kochi na chai yake, wakati wengine wanasukumana na mabegi. Akishuka Dar au Unguja, kuna mtu wake. Hotelini kuna mtu wake. Hakuna mahali aliposimama akajiuliza aelekee wapi.

Nataka niseme mapema kabisa kwamba mtu huyu aliyewapumzisha wenzake wote hao alikuwa na mke, Mama Kulwa, na Mama Kulwa alitaka kitu kimoja. Alitaka na yeye akapumzike siku chache, mahali pageni, mumewe akiwa pembeni yake na simu imezimwa. Hakutaka nyumba nyingine wala dhahabu. Nikimkumbuka Mzee ndicho kinachoniuma, kwa hiyo siwezi kujifanya nimekisahau nikakuletea mwishoni.

Alichukia foleni kwa chuki ya kweli. Wengine wetu tunanung'unika tukiwa kwenye mstari, yeye alikuwa anaumwa. Zamani alifanya kazi ya kupanga magari kwenye geti la mgodi mmoja, na pale ndipo alipowaona vijana wakitoka na likizo zao, wanacheka, wamenunua viatu vipya, halafu wiki haijaisha anawaona wamerudi na sura za kuchoka kuliko walivyoondoka. Anamuuliza mmoja, vipi nyumbani? Kijana anamjibu, Mzee, nyumbani nimelala tu nikageuza. Basi liliharibika, pantoni ya Busisi ilikuwa na malori mpaka nje ya kijiji, ndege ikaniacha. "Likizo imeliwa na barabara," Mzee alikuwa akisema, na anavyolitamka hilo neno "imeliwa" ungedhani anamzungumzia fisi. "Kijana anakaa chini ya ardhi mpaka anasahau saa nne ya asubuhi ina rangi gani. Anapewa siku zake, unamwambia azimalizie kwenye pantoni? Hiyo ni dhuluma, Mama Neema. Wala si usafiri mbovu. Ni dhuluma."

Mimi mdomo wangu hauna breki, na alijua. Nilimwambia, "Mzee, kila mtu anasubiri pantoni. Hata mkuu wa wilaya anasubiri." Akaniangalia kwa masikitiko, akasema kwa upole kabisa, "Na ndiyo maana nchi haiendi." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mavazi yake yalikuwa kaunda suti, mbili tu, ya kijivu na ya udongo, na alizipokezana. Mfukoni alikuwa na vitambaa viwili. Kimoja cha uso, kingine cha viatu, na ole wako umpatie kile kisicho chake. Ukijua vumbi la Kahama wakati wa kiangazi utaelewa kwamba kuwa na viatu vinavyong'aa pale ni kazi ya siku nzima. Alikuwa anainama kuvipangusa kila aliposhuka garini, hata akiwa anaingia tena baada ya dakika. Dereva wetu alimtania kwamba Mzee anapiga magoti kuliko padri. Alikubali utani wa viatu. Utani wa kitaulo hakuukubali. Siku moja dereva alimpa mteja kitaulo kikavu, na Mzee alikataa kuzungumza naye mpaka jioni. Mtu mzima, amenuna kwa ajili ya kitaulo.

Kitu kilichomtofautisha na hawa wa siku hizi wanaotuma ujumbe wa simu tu ni namna alivyomkabidhi mtu. Kwetu Usukumani mgeni hatoki nyumbani kwako peke yake. Unamsindikiza mpaka pale mwingine atakapompokea, na hurudi mpaka umeona amepokewa. Mzee aliibeba desturi hiyo nzima akaiingiza kwenye biashara. Alishika mkono wa mteja, akauweka kwenye mkono wa yule binti wa sare, akasema, "Huyu ni Baba fulani. Hanywi soda. Sikio la kushoto halisikii vizuri. Nakukabidhi." Kisha anasimama pale pale. Anaweza kusimama mpaka ndege iruke. Wateja wengi walinieleza kwamba hicho ndicho walichokuwa wanalipia, yaani kule kukabidhiwa, maana kochi na chai mtu anavipata popote.

Kwa haraka zake zote, salamu hakuzikata hata kidogo. Akikutana na bibi kizee njiani, gari likiwa linaunguruma na mteja ndani anaangalia saa, Mzee alishuka. "Mwangaluka, mayu." Bibi anaitikia, wanaulizana habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za yule mjukuu aliyekuwa na kikohozi, na haikatiki mpaka yule bibi aikate mwenyewe. Akirudi garini anamwambia dereva akanyage mafuta. Nilimwuliza mara moja, hiyo haikuli muda? Akasema, "Ule ni muda wangu. Ninaoulinda ni wa mteja." Nadhani hapo ndipo alipokosea maisha yake yote, ila wakati huo nilimwona mwerevu.

Halafu kuna hili ambalo watu hawaamini nikiwaambia. Mzee wa Likizo alikuwa hajawahi kupanda ndege. Milango yote ya uwanja wa Mwanza aliijua, wafagiaji aliwajua kwa majina ya watoto wao, alijua kiti kipi hakirudi nyuma na kipi kiko karibu na choo, na hajawahi kukanyaga ngazi ya ndege. Nilikuwa namsikia akiwaelekeza wateja waoga. "Ikitikisika usishike kiti. Shika mkono wa mwenzako. Kiti nacho kinatikisika." Nikamwuliza, "Umejuaje, Mzee?" Akasema, "Nimeambiwa na walioshika."

Mama Kulwa alikuwa fundi cherehani. Kibaraza chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, tunaonana. Mchana alituletea chakula ofisini, na akishakiweka mezani anakaa kwenye kiti cha wateja, lile kochi dogo, anaegemea, anafumba macho. "Nami nimesafiri," anasema. Tunacheka. Kisha ananiuliza, "Hivi Mama Neema, huko mnakowapeleka watu pana nini hasa?" Namwambia, pana bahari, pana vitanda vyenye mito mingi, unaamka mtu ameshakuandalia chai. Anasema, "Chai naijua kuipika. Mimi nataka kukaa na huyu mzee, aniangalie, asiangalie simu. Hapa haiwezekani. Hata tukiwa kanisani anatoka nje kupokea simu. Labda kule mbali."

Mzee alisikia. Hakuwa mtu wa kujifanya kiziwi. Alikuwa anamwambia, "Tutakwenda, Mama Kulwa. Huu msimu ukiisha." Sasa msimu wa likizo za watu hauishi. Wa mgodini wanapokezana mwaka mzima, mwenye duara anapata mawe siku yoyote, Krismasi ina watu wake na Idi ina watu wake. Mama Kulwa alikuwa anajua hivyo kuliko mimi. Alikuwa anaitikia tu, "Haya," na kurudi kwenye cherehani. Nilikuwa namkasirikia Mzee kwa niaba yake. Nilimwambia wazi, "Mzee, unawapeleka wake za watu." Akaniambia, "Mtu akipumzika, ujue kuna mwingine anakimbia. Sasa nani akimbie nikikaa?" Nikamwambia, mimi nitakimbia. Akanitazama miguu, akatabasamu, suala likaishia hapo.

Mama Kulwa aliumwa, ndiyo maana hatimaye wakaenda. Presha ilimshika kipindi cha kushona sare za shule, daktari akamwambia apunguze kazi, apumzike. Mzee alirudi naye kutoka hospitalini. Kesho yake aliniita akasema nipange safari ya Unguja ya watu wawili. Nikauliza jina la mteja. Akasema, "Andika langu." Sijawahi kupanga safari kwa furaha kama ile. Nilichagua viti vya pamoja, dirishani akae mama. Mama Kulwa alijishonea gauni la kitenge, akamshonea na mumewe shati la kitambaa hicho hicho. Pilika zote za ng'ambo ile ya barabara zilikuwa za safari hiyo. Majirani walikuja kumuaga na michembe, vile viazi vya kukausha, ya kula njiani, na kwa mara ya kwanza Mzee hakuwakatisha.

Niliwasindikiza mpaka Mwanza, kwa hiyo ninachosimulia nilikiona kwa macho yangu.

Siku hiyo hiyo, ndege ya baadaye, alikuwa anaondoka mteja wetu mkubwa, mwenye duara mmoja wa upande wa Geita. Alikuwa anawapeleka mkewe na mama mkwe wake Zanzibar. Tulimwachia dereva awashughulikie. Tatizo ni kwamba yule bwana, kwa haraka ya pesa mpya, alikuwa ameshajinunulia tiketi mwenyewe kwa simu, na viti vilitoka yeye na mama mkwe sambamba, bega kwa bega. Tena binti wa sare, ambaye si mtu wa kwetu, aliwapokea vizuri sana kwenye chumba cha wageni maalumu na kuwakalisha kochi moja, mkwe na mama mkwe, akawaletea na chai kwenye sinia moja. Kwa msomaji wa mbali niseme tu kwamba kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani hata mkono. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Yule bibi aliinuka bila neno, akatoka nje, akaenda kukaa juu ya mzigo wake kwenye maegesho ya magari, akajifunika khanga uso mzima.

Sisi ndiyo tunashuka. Dereva akaja mbio. Mwenye duara naye akaja nyuma yake, jasho linamtoka, anasema, "Baba, nimeaibika. Mke wangu analia. Bibi hataki kusema na mtu. Nisaidie wewe unayejua kusema na wazee." Mzee alimwangalia Mama Kulwa. Mama Kulwa akasema, "Nenda ukamwone. Bado mapema."

Alikwenda, akachuchumaa mbali kidogo na yule bibi, akaanza salamu. Mimi na Mama Kulwa tulisimama mlangoni na mabegi. Salamu zikaenda, zikaenda. Bibi alikuwa anaitikia, lakini uso hakuufunua. Ndege yetu ikatangazwa. Mzee alirudi ana vumbi kwenye magoti na hakulifuta.

Akasema bibi anataka kurudishwa kijijini leo hii, na lazima apelekwe na mtu mzima wa kumweleza mumewe na wazee kilichotokea, la sivyo ndoa ya binti yake ina maneno. Mama Kulwa akasema, "Basi tuahirishe wote. Tutakwenda siku nyingine." Alisema kwa utulivu tu. Na Mzee, Mungu amsamehe, akajibu kama anavyowajibu wateja. "Chumba kimeshashikwa, tiketi itapotea. Wewe tangulia ukapumzike. Daktari amesema upumzike. Nakufuata kesho na ndege ya asubuhi."

Kisha akafanya kile alichokuwa akifanya siku zote. Akashika mkono wa mkewe, akauweka kwenye mkono wa yule binti wa sare. "Huyu ni Mama Kulwa. Ana presha, asibebe kitu. Nakukabidhi." Mama Kulwa aliutazama mkono wake ulivyokuwa umekaa kwenye mkono wa mtu mwingine. Akapita mlango wa wageni maalumu na gauni lake la kitenge, na Mzee safari hii hakusimama mpaka ndege iruke. Bibi alikuwa anamsubiri.

Kesho yake alikuwa kijijini kwa yule bibi, na wazee wa pale walitaka kukaa kikao. Kesho kutwa yake mzee mmoja muhimu alikuwa mnadani kwenye ng'ombe, asubiriwe. Kila jioni Mzee alimpigia mkewe. "Nakuja kesho." Baadaye alikuwa ananipigia na mimi, nibadilishe tiketi yake, niisogeze mbele. Niliisogeza, niliisogeza tena, mpaka siku za chumba zikaisha. Yule bibi alipoa, ndoa ikapona, na mwenye duara mpaka leo anamwombea Mzee kwa Mungu. Hilo nalo ni kweli, na siwezi kumnyima.

Tulikwenda kumpokea Mama Kulwa Mwanza. Mzee aliliosha gari kwa mkono wake. Mama alitoka amependeza, amenona kidogo, begi lake limebebwa na mtu. Mzee akasema, "Pole na safari. Ilikuwaje?" Akajibu, "Nimepokewa vizuri kila mahali." Akaingia garini, na kabla hatujafika Misungwi alikuwa amelala. Mimi aliniletea karafuu kwenye kifuko na leso ya mkononi. Nilimchimba siku nyingine, akanieleza kidogo sana. "Bahari ipo, kama ulivyosema. Watu wake wazuri. Hawaachi kukuuliza kama unahitaji kitu." Nikauliza, "Ukawaambia unahitaji nini?" Akasema, "Nikawaambia sihitaji kitu," akauma uzi kwa meno akaendelea kushona.

Hakumlaumu mumewe, mimi ninavyojua. Hata Kulwa na Doto, mabinti zake, wananiambia hakuwahi kulitaja. Mzee naye alikuwa anamwahidi tena. Huu msimu ukiisha.

Mama Kulwa alianguka kwenye kibaraza chake, kwenye cherehani, mchana kweupe. Mimi ndiye niliyevuka barabara kwanza. Tulimfikisha hospitali kwa gari letu, na lilikwenda mbio na njia ikawa nyeupe, hakuna foleni popote. Alifariki siku ya pili yake.

Tulimzika kwao Mzee, Ushirombo. Pale msibani ndipo niliposhindwa kumtazama. Alikuwa getini. Amevaa suti ya kijivu, anapokea waombolezaji mmoja mmoja, anauliza nani amekuja na gari gani, maji yamefika, wazee wa Bukombe wamepata viti vya kivulini. Anamshika mama wa watu mkono, anamkabidhi kwa mabinti wakamkalishe mkekani. Dada yake alimwambia, "Kaka, kaa. Msiba ni wako." Akasema, "Nakaa sasa hivi." Paroko alimwambia. Akasema, "Ndiyo Baba, nakaa." Hakukaa mpaka jeneza lilipotolewa ndani.

Baada ya hapo aliacha kazi bila kutangaza. Alikuja ofisini asubuhi, akakaa, simu ikiita ananisogezea mimi. Baadaye hakuja kabisa. Kulwa ndiye anayeendesha ofisi sasa, na mimi namsaidia. Watu walidhani daraja la Busisi likifunguliwa Mzee atafufuka, maana pantoni ndiyo ilikuwa adui yake. Tulimchukua siku moja tukapita naye, ziwa liko chini huku na huku, gari halikusimama hata kidogo. Tulipotokea upande wa Mwanza akaangalia saa. "Tumefika mapema," alisema. "Sasa tufanye nini?" Tulikunywa chai tukarudi.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa mazungumzo marefu ni juzi juzi, mwaka huu, baada ya masika. Alikuwa amekuja kwangu kabla ya hapo, akaniomba tiketi ya Unguja. Ya mtu mmoja. Nikamwambia nitawapigia wa kule wampokee. Akasema hapana, asipokewe na mtu. Akaenda. Aliporudi hakupitia ofisini, alikuja nyumbani kwangu, akakaa jikoni kwenye kigoda huku mimi nachambua mchicha. Viatu vyake vilikuwa na vumbi.

"Shikamoo, Mzee. Umepanda ndege."

"Marahaba. Nimepanda."

"Ikatikisika?"

"Ilitikisika. Nilikwenda kuwauliza, Mama Neema. Zile siku zake mimi sizijui. Nilitaka kujua alikuwa anafanya nini."

Aliniambia alianzia hotelini. Watu wa pale walimkaribisha vizuri. Aliwaonyesha picha kwenye simu, Mama Kulwa na gauni lake la kitenge. Hawakumkumbuka. Wakamwita mkubwa wao, akatazama, akasema wageni ni wengi, ila kama hakuna malalamiko yaliyoandikwa basi bila shaka alifurahia. "Hakusumbua mtu," Mzee alisema. "Ndivyo walivyoniambia. Kama sifa."

Niliacha mchicha.

"Nikarudi uwanja wa ndege nije zangu. Pale nje wapo madereva wa teksi. Nikamwonyesha mmoja, mtu mzima mwenzangu. Hata hakuishika simu. Akasema, huyu bibi wa Bara namjua sana. Nikasema unamjuaje? Akasema, mimi ndiye niliyekuwa namleta hapa. Kila siku. Ndege ya kutoka Bara ikikaribia, ananiita, namleta, anasimama pale wanapotokea wasafiri mpaka wa mwisho anatoka, kisha namrudisha. Watu wa hoteli walimwambia mama, wewe pumzika tu, akifika tutakuletea mpaka chumbani, ndiyo huduma yetu. Akawaambia hapana, mume wangu haendi kupokewa na watu baki."

Sauti yake haikubadilika. Alikuwa anasimulia tu, mikono imelala mapajani.

"Kila siku, Mama Neema. Na mimi kila jioni namwambia kesho."

Nilisema, "Mzee, hukujua."

"Yule dereva akaniambia siku ya mwisho alimwonea huruma. Akamwambia, bi mkubwa, usije ukaudhika, lakini huyo mtu wako haji. Unajua alimjibu nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Alimwambia, wewe humjui mume wangu. Mume wangu hajawahi kumchelewesha mtu."